Mjadala: Nyumba ya Brouwez na hadithi za mizimu, tuwasimulie nini watoto wa Lubumbashi?

Mwalimu wa Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, salaam. Naleta swali ambalo limeninyima usingizi tangu Jumamosi. Nilikwenda uwanja wa ndege wa Luano kumpokea mpwa wangu wa miaka 12 aliyetoka Kalemie, tukapanda teksi, na dereva, kijana mwenye adabu zake, alipojua kwamba mtoto ni mgeni wa mji akaanza kumsimulia habari za nyumba ya Brouwez. Alimwambia kwamba usiku husikika nyayo za mtu anayekokota mguu mmoja, kwamba mazamu, yaani walinzi wa usiku, hawamalizi mwezi bila kuacha kazi, na kwamba mzimu wa Lumumba hugonga mlango wa boyeri, kile kijumba cha watumishi nyuma ya nyumba kubwa, na kuomba maji. Mtoto alinishika mkono tangu hapo mpaka Katuba, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Tulipofika nyumbani nikamwuliza Lumumba alikuwa nani. Akanijibu: "Ni yule mtu anayetisha watu usiku."

Nyumba hiyo ndiyo waliyofungiwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito tarehe 17 Januari 1961, walipofikishwa Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule. Waliwekwa humo kwa saa chache, wakapigwa, na usiku uleule wakatolewa kwenda kuuawa. Kila mwaka tarehe hiyo tunapumzika kazini nchi nzima, na mtoto aliyemaliza darasa la sita anajua tu kwamba kuna mzimu.

Naona ni kosa kuwasimulia watoto nyumba ile kwa mizimu. Mzimu haumtaji aliyeufanya kuwa mzimu. Lakini najua wengi wenu mmelelewa na hadithi hizi, nami pia nimelelewa nazo, kwa hiyo nauliza kwa moyo mweupe: tuziache, au tuzilinde?

Kijana wa Ruashi

Mwalimu, mimi nasema tuzilinde, kwa sababu hazikuzuka hivihivi. Lumumba aliuawa ndani ya nyumba ile, akazikwa bustanini, na damu iliyomwagika sakafuni haikukubali kufutwa. Hivyo ndivyo nilivyosikia tangu utoto wangu. Mahali palipomwagika damu ya mtu asiye na hatia hapawezi kutulia, na dereva hakumdanganya mtoto.

Mwanafunzi wa Historia

Ndugu wa Ruashi, hapo ndipo tatizo linapoonekana. Lumumba hakuuawa ndani ya nyumba ya Brouwez, wala hakuzikwa bustanini. Yeye na wenzake walipelekwa kwa gari mpaka msituni, karibu na Shilatembo, umbali wa kilomita zipatazo 50 kutoka mjini, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Moïse Tshombe, rais wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, na baadhi ya mawaziri wake, akiwemo Godefroid Munongo, walikuwepo, pamoja na Wabelgiji waliokuwa wakiitumikia serikali ya Katanga, wakiwemo Kapteni Julien Gat na kamishna wa polisi Frans Verscheure. Siku chache baadaye polisi Mbelgiji aitwaye Gerard Soete alizikatakata maiti na kuziyeyusha kwa asidi ili pasiwe na kaburi, akajibakizia jino. Jino hilo ndilo Ubelgiji ililorudisha kwa familia tarehe 20 Juni 2022, nalo likazikwa Limete, Kinshasa, tarehe 30 Juni mwaka huohuo.

Mambo haya yalichunguzwa na tume ya bunge la Ubelgiji, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 2001. Hayahitaji nyayo za usiku.

Niongeze jambo moja ambalo nimeliona kwa muda mrefu. Sisi watu wa mji huu tunaipenda mizimu kwa sababu mzimu hauna ukoo. Ukimtaja mtu kwa jina, wajukuu wake wako hapa, unakutana nao sokoni na kanisani, na woga wetu unatufunga mdomo.

Mtoto wa Kamalondo

Nilikuwa nasoma kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye hiyo sentensi ya mwisho. Mwanafunzi, unasema "woga wetu". Babu yangu alikaa Kamalondo tangu wakati ambapo kati ya mji wa wazungu na mtaa wa Waafrika paliachwa ukanda mtupu usiojengwa, na Mwafrika akikutwa upande wa wazungu usiku bila karatasi alikamatwa. Usimwite mwoga mtu aliyeishi hivyo akaweza bado kusema.

Je, alisema kwa njia gani? Alisema kwa hadithi hizi unazozidharau. Wazee wote wa hapa wanajua habari za batumbula, wale watu waliosemekana kutumwa na wazungu kukamata watu njiani usiku, kuwatia mashimoni chini ya nyumba kubwa, kuwanenepesha na kuwachinja. Watu wa pwani wana jambo linalofanana nalo, wanaliita mumiani. Wazungu waliandika kwamba huo ni ujinga wa wenyeji. Mimi nasema ni ushahidi uliovaa nguo nyingine, kwa maana mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, hakuweza kusimama mbele ya mkuu wake na kusema "mnatula", lakini usiku, mbele ya watoto wake, aliweza kusema kwamba wanakula watu, na watoto wakaelewa ni nyumba zipi wasizikaribie na kwa nini.

Na baada ya 1961 mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 1966 Mobutu, akiwa rais, alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, yeye Mobutu ambaye wanajeshi wake ndio waliomkamata Lumumba Desemba 1960. Niambie, ni nani angesimama wakati huo na kuuliza hadharani nani alikuwa Shilatembo? Watu walisema nyumba ile hailali. Ilitosha kila mtu apite pale akijua kwamba kulitendeka jambo.

Dereva wa Kasumbalesa

Mimi ni mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wa nane naleta mizigo huku, kwa hiyo mniwie radhi nikiingilia. Mjadala ni mzuri lakini mnatumia neno lisilofaa. Kwetu mzimu ni roho ya mzee wa ukoo, anayetambikiwa, au pahali penyewe anapoendewa kwa matambiko. Mzimu ana heshima yake. Kile kinachogonga milango usiku ni kivuli, au wazee wangesema ni koma. Nadhani nusu ya ugomvi wenu inatokana na Kiswahili cha huku kuharibika kwa kuchanganywa na Kifaransa na Kibemba, hata maneno yakapoteza mipaka yake.

Mtoto wa Kamalondo

Kaka, umekaribishwa hapa kwa miaka minane na hili ndilo ulilojifunza? Kiswahili cha Lubumbashi hakikuharibika, kilijengwa. Kilijengwa katika kambi za wafanyakazi na watu waliotoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, ambao hawakuwa na lugha moja, wakatafuta ya kusemeana kazini na ya kuwalelea watoto wao. Mama yangu alinibembeleza kwa Kiswahili hicho. Nikiandika hapa naandika Kiswahili bora kwa sababu nilikisoma shuleni, lakini nilipomlilia baba yangu sikumlilia kwa Kiswahili bora.

Na tukisema "muzimu" tunajua tunachosema. Ni mtu wetu aliyekufa ambaye bado ana neno lililobaki.

Kijana wa Ruashi

Naam, mwambie! Kila mara mtu wa pwani akija anaturekebisha hata maombolezo yetu.

Dereva wa Kasumbalesa

Sikumtukana mama wa mtu. Nimesema neno lina maana yake. Kama kusema hivyo ni kosa, basi kamusi zote zichomwe.

Mama wa Kampemba

Wanangu, poeni kwanza. Mimi nina umri wa kuwa mama wa wengi wenu, nami nitasema nilichokiona, mkiite kwa jina mnalolitaka.

Baba yangu alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa ya katikati ya mji. Ilikuwa ya ghorofa, yenye baraza la nguzo mbele, ngazi ya mbao nyeusi ndani, na miembe miwili nyuma ambayo kivuli chake kiliangukia boyeri yetu. Wenyewe waliondoka wakati wa vita vya Umoja wa Mataifa na jeshi la Katanga, wakamwachia baba funguo na kumwambia watarudi. Hawakurudi. Tukakaa katika boyeri mwaka mzima na zaidi, nyumba kubwa ikiwa imefungwa mbele yetu, viti vimefunikwa mashuka.

Jikoni kwetu kulikuwa na kengele ukutani, juu ya mlango, ambayo madamu aliipiga kutoka chumbani kwake akimtaka baba. Kengele ile ilianza kulia usiku. Haikulia kila siku, lakini ililia, na nyumba haikuwa na mtu. Mara ya kwanza mama alipiga kelele. Baba hakusema kitu. Aliinuka kitandani, akavaa ile koti yake nyeupe ya kazi, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni gizani bila kukosea hata kimoja, akavuka ua, akasimama mbele ya mlango wa nyuma wa nyumba kubwa na kusema, "Ndiyo, madamu." Alisimama pale kwa muda. Kisha alirudi, akavua koti, akaitundika, akalala. Alifanya hivyo kila kengele ilipolia, na mimi nilimwona kwa macho yangu kupitia ufa wa mlango, nikiwa na miaka minane.

Ndiyo maana namwambia Mwalimu asikimbilie kufuta hadithi hizi. Katika nyumba zile kulikuwa na jambo, na jambo hilo halijaandikwa katika taarifa ya bunge lolote.

Fundi wa Bel-Air

Shikamoo Mama. Nimefanya kazi ya umeme katika nyumba nyingi za zamani za mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na naomba nikuondolee wasiwasi huo uliobeba tangu utoto. Kengele za kuwaita watumishi zilikuwa za umeme mdogo, na waya wake ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa na mpira. Kifuniko hicho huoza kwa unyevu wa masika, au panya wa darini hukitafuna, na nyuzi mbili zikigusana kengele hulia kana kwamba mtu amebonyeza. Usiku joto linaposhuka, mbao za ngazi nazo hunywea na kulia hatua kwa hatua, na ukiwa umelala unaweza kuapa kwamba mtu anateremka. Nimeitwa mara nyingi kuangalia "mizimu", na kila mara nimeikuta ndani ya ukuta. Nasema hivi kwa heshima, ili watoto wajue kwamba wafu wametulia na hakuna cha kuogopa.

Mama wa Kampemba

Mwanangu Fundi, marahaba, na asante kwa maelezo ya waya. Huenda ni panya. Lakini umesoma maneno yangu yote ukaona kengele tu. Mimi sikuwahi kuiogopa kengele. Nilichokiogopa, na ninachokiota mpaka leo nikiwa na wajukuu, ni baba yangu akifunga vifungo vya koti usiku wa manane ili kumwitikia mtu aliyekwenda zake Ulaya. Hata ukitoa panya wote darini, baba bado amesimama pale mlangoni.

Mtoto wa Kamalondo

Mama, ahsante. Nimekaa nikasoma mara mbili.

Binti wa Sankuru

Nimezaliwa Lubumbashi lakini wazazi wangu ni Watetela, watu wa kwao Lumumba, na kwetu si mbali na Onalua alikozaliwa mwaka 1925. Nilitaka kunyamaza. Fundi amenilazimisha kusema kwa maneno yake mawili, kwamba "wafu wametulia".

Kaka, wametulia wapi? Februari 1961, habari za kifo zilipotangazwa, mjane wake Pauline Opango alitembea katika barabara za Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akiwa kifua wazi, kama mwanamke aombolezavyo, akidai apewe mwili wa mumewe amzike. Hakupewa. Mama huyo alifariki Desemba 2014, na jino lilirudishwa 2022. Alikaa katika msiba usio na kaburi zaidi ya miaka hamsini, akafa nao. Kwetu mtu asiyezikwa kilio chake hakifungwi, watu wa nyumba yake hawaondoki kwenye mkeka hata kama wanatembea na kufanya kazi.

Nikirudi kwa kaka wa Tanga, ambaye wengi mmemkasirikia, mimi neno lake limenisaidia. Ikiwa mzimu ni mzee wa ukoo aliyepokelewa na wenzake, mwenye heshima yake na mahali pake pa kuendewa, basi Lumumba alinyimwa hata kuwa mzimu. Asidi ile haikuwa ya kuficha ushahidi peke yake. Na dereva wa teksi anaposema kwamba huomba maji, nikisikia naumia, kwa sababu ni kama kumfanya ombaomba katika nyumba ya waliompiga.

Jambo jingine ndilo zito zaidi kwangu. Katika hadithi zote za nyumba ile nilizosikia tangu nikiwa mdogo, mzimu ni mmoja. Sijasikia hata siku moja mtu akisimulia kwamba kuna watatu. Joseph Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti. Maurice Mpolo alikuwa waziri wa vijana na michezo. Waliingia pamoja kwenye nyumba ileile jioni ileile, wakapigwa pamoja naye, na Shilatembo walimtangulia. Lumumba amepata jino. Wao hawana jino, hawana kaburi, na hata hadithi za kutisha zimewasahau.

Kijana wa Ruashi

Dada, kwa kweli hayo ya wenzake wawili sikuwa nayajua vizuri. Nilijua walikuwepo watu wengine, majina sikuyashika.

Lakini naomba tutazame na upande mwingine. Marekani kuna nyumba za zamani ambazo watu hulipa fedha nyingi kuzitembelea usiku kwa sababu ya mizimu. Nimesikia ya mji wa New Orleans, ya bibi mmoja tajiri aliyetesa watumwa. Sisi tuna nyumba yenye historia kubwa kuliko hiyo, na vijana wetu hawana kazi. Kwa nini tusiwaite wageni? Hadithi za mizimu zingewalisha watoto wa Ruashi.

Mwanafunzi wa Historia

Ndugu, umetaja mfano ambao mimi ningeutumia dhidi yako. Bibi huyo ni Delphine LaLaurie. Tarehe 10 Aprili 1834 moto ulizuka katika nyumba yake kubwa ya barabara ya Royal, na waliokwenda kuzima waliwakuta watumwa waliofungwa na kuteswa humo. Watu wa mji wakaivamia nyumba kwa hasira, na mwenyewe akatorokea Ufaransa. Leo makundi ya wageni husimamishwa mbele ya nyumba hiyo usiku kusikiliza habari za vilio na minyororo. Mgeni anaondoka akilijua jina la mtesaji. Majina ya walioteswa haondoki nayo.

Na huko huko Louisiana, katika mji wa St. Francisville, kuna nyumba ya shamba la watumwa iitwayo Myrtles, ambayo mzimu wake maarufu ni wa mtumwa aitwaye Chloe. Waliotafuta katika kumbukumbu za shamba hawakumwona Chloe yeyote. Yaani waliokuwepo kweli wakiwa na jasho na damu hawasimuliwi, na pahali pao amewekwa mtu wa kubuni kwa sababu anauza tiketi. Ukileta biashara hiyo kwenye nyumba ya Brouwez, miaka ishirini ijayo tutakuwa na mzimu wa kubuni, na Okito atakuwa amesahauliwa mara ya tatu.

Kuhusu neno langu la woga, naona limewaumiza watu. Halikuwa la kumtukana babu wa mtu. Ukoo wangu mwenyewe una mtu aliyevaa sare za jandarma, askari wa Tshombe wa Katanga, wakati ule, na nyumbani kwetu hilo halizungumzwi. Nilikuwa najisema mimi.

Mtoto wa Kamalondo

Nimekusikia, Mwanafunzi, na kwa hilo la mwisho nakupa mkono.

Hata hivyo bado hujanijibu, nami nitalirudia swali kwa mfano wa hapahapa. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mishahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, gavana wa mkoa Amour Maron akaja na askari, na makumi ya watu wakauawa kwa risasi. Msemaji wao alikuwa karani, Léonard Mpoyi, aliyeuawa palepale. Jina lake linajulikana, tarehe inajulikana, vitabu vimeandikwa. Uwanja ule hauna mzimu. Sijawahi kusikia dereva wa teksi akimwambia mtoto kwamba usiku pale husikika watu wakidai mshahara wao.

Sasa niambieni, katika watoto mia wa Lubumbashi ni wangapi wanaomjua Mpoyi? Mwalimu anasema mzimu haumtaji mtu. Mpoyi ametajwa, na ametajwa mahali asipopita mtoto yeyote. Mpwa wa Mwalimu amefika mjini, na kabla hajaoga ameshasikia jina la Lumumba kwa namna ambayo hatalisahau mpaka kufa kwake. Nani amemtendea mema zaidi, mwenye kitabu au mwenye teksi?

Na kuhusu wale watatu, Binti wa Sankuru amesema kweli isipokuwa kwa jambo moja. Mji huu haukuwasahau wote. Miaka ya sabini Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wetu, aliyeuza picha zake kwa watu wa kawaida wazitundike sebuleni, alikichora kifo hicho kama Golgota. Maiti alizozilaza mbele ni tatu, na misalaba iliyosimama nyuma ni mitatu. Hakuwa na taarifa ya tume, kwa kuwa ilikuwa haijaandikwa. Alikuwa na yale watu waliyoyanong'ona.

Fundi wa Bel-Air

Nimwombe radhi Mama wa Kampemba na Binti wa Sankuru. Nilitaka kuondoa hofu, nikasahau kwamba kuna anayelia. Nitaendelea kuwaambia wateja wangu ukweli kuhusu waya, lakini sitasema tena kwamba wafu wametulia.

Hilo la koti nimemsimulia mke wangu. Baba yake naye alikuwa boyi. Aliniambia kwamba mpaka uzeeni, mtu akigonga meza kwa kijiko, mzee alisimama.

Dereva wa Kasumbalesa

Binti wa Sankuru, nakushukuru kwa kunielewa. Nami nakubali kwamba nilipozungumzia kuharibika nilikosea, maana lugha ya kumlilia baba haiharibiki. Kuhusu maana ya mzimu sibadiliki.

Mwalimu wa Katuba

Nimesoma yote, na nimechelewa kujibu kwa sababu jana usiku nilijaribu kufanya nilichowaambia nyinyi tufanye. Nilimkalisha mpwa wangu mezani, nikamwambia tuiache ile hadithi ya dereva, sasa nitakusimulia iliyo kweli. Nikaanza tangu Luano. Nikamwambia ndege ilitua alasiri, askari wachache Waswidi wa Umoja wa Mataifa wakawaona wafungwa wakiteremshwa wamefungwa na wamepigwa, wakaingizwa garini, wakapelekwa nyumba ile. Nikamtajia majina yote matatu na kazi zao. Nikamtajia waliowapokea. Alisikiliza kwa heshima kama anavyosikiliza darasani, macho yake yakiwa kwenye taa.

Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, kama Lumumba huomba maji, wale wawili huomba nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekusudia kuung'oa mzimu kichwani mwake, na yeye ametumia mlango huohuo kuwaingiza Mpolo na Okito. Alisubiri. Akaniuliza tena kama wanafahamiana na yule wa kwanza, kama wanakaa chumba kimoja, na kama dereva anawajua. Aliuliza mambo haya kwa uso wa mtu anayewahurumia, hakuwa tena na ile hofu ya Jumamosi. Mtoto wa Kamalondo, sijasema umeshinda, kwa maana bila majina asingekuwa na wa kuwaulizia. Lakini nimeona kwamba nilitaka kumnyang'anya kitu kabla ya kumwuliza anakitumia kwa nini.

Namba ya dereva yule bado ninayo. Mtoto anarudi Kalemie kesho, nimempigia dereva aje kutuchukua Katuba saa kumi na mbili asubuhi, na njiani mpaka Luano mtoto atamwuliza mwenyewe.